Petroli Iliyoisha Kabla ya Kotile

Chujio la hewa halipunguzi petroli. Naanza na hilo ili mtu anayesoma kwa sababu ya gari lake aache hapa, aende zake kwa fundi. Anayetaka kujua nimelijuaje mimi, mwanamke wa miezi minne tu ya kusoma ngumbaru, basi akae.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, baada ya serikali ya ng'ambo ya mpaka kuanguka na bunduki kuingia kwetu kama nzige. Bunduki ilikuwa rahisi kupata kuliko tairi. Mimi nilikuwa na landrova. Nasema nilikuwa nayo mimi, kwa sababu watu wa Garissa walikuwa wakisema ni ya mwanangu. Mwanangu alikuwa dereva. Ngamia walioinunua niliwachunga mimi, tangu nikiwa msichana, na nikawauza mimi. Tulikuwa tunapeleka sukari, majani ya chai, unga na nguo mpaka Ijara, tunarudi na samli na ngozi.

Landrova ile ilikuwa ya zamani. Mshale wa petroli ulikufa kabla hatujainunua, kwa hiyo tulipima kwa fimbo: unaichovya kwenye tangi, unaitoa, unaangalia imelowa mpaka wapi. Na chujio lake lilikuwa kopo zito jeusi lenye oili chini. Hewa inaingia, vumbi linanasa kwenye oili, ukifika mwisho wa safari unamwaga tope. Mwanangu alikuwa anaichukia kazi hiyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, anapenda shati lake likae jeupe.

Karibu na soko la mifugo kulikuwa na mwenye duka la vipuri, mtu wa dini yetu na lugha yetu, ndevu zake amezitia hina. Siku moja akatuonyesha chujio jekundu, jepesi, zuri kama kofia ya bwana harusi.

"Hooyo," akaniambia, maana mimi ningeweza kuwa mama yake, "hilo kopo lako linaziba pua ya gari. Mtu akizibwa pua anafanya nini? Anahema kwa mdomo, anachoka, anakunywa maji mengi. Weka hili jekundu. Wallahi, robo ya petroli itabaki kwenye tangi."

"Umepima?"

"Nimeapa," akasema.

Kwetu mazungumzo yanaishia hapo. Mtu mzima akiapa kwa Mungu mbele yako halafu wewe ukamwambia alete kipimo, umemwita muongo na kafiri kwa pamoja, na pengine utatoka hapo na kisu mbavuni. Tulilinunua. Mwanangu akalifunga siku hiyo hiyo, lile kopo jeusi akalitupa nyuma ya choo.

Safari ya Ijara ilikuwa inataka tangi lililojaa na mitungi miwili ya petroli nyuma. Barabara yenyewe ni mchanga, gari linazama, linalia, linakunywa. Petroli ya kurudi tuliiweka kule Ijara, kwenye pipa la shemeji yangu. Katikati hakuna kitu. Sasa asubuhi ya safari, gari limejaa mpaka juu, akaja kijana mmoja wa biashara ya ng'ombe. Alikuwa anataka kufika Kotile akachukue mafahali wa kaka yake. Kijana wa ukoo mwingine, si wetu, lakini tulimjua. Mcheshi sana. Akikaa mahali, watu wanasogea.

"Hakuna nafasi," mwanangu akamwambia.

"Nafasi ipo. Naiona. Imekaliwa na mtungi."

"Huo ni wa petroli."

"Si mnasema gari lenu limekuwa ngamia siku hizi? Mji mzima mmewachosha na hilo jekundu. Sasa ngamia anabebewa maji?"

Watu wakacheka. Mwanangu naye akacheka, akaushusha mtungi mmoja, akauacha ukutani kwangu. Kijana akapanda, akakaa palepale mtungi ulipokuwa. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Niliona kila kitu na sikusema neno. Na mimi nilikuwa nimemsikia mwenye duka akiapa.

Magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara siku hizo: malori matatu, sisi, na gari la polisi mbele. Gari likiharibika njiani, msafara hausimami. Hilo kila mtu alilijua. Bura tulipumzika kidogo, mwanangu akachovya fimbo, akaiangalia, akaifuta kwa kitambaa haraka, akasema twende. Mbele kule, hatujafika Kotile, gari likakohoa mara mbili na kunyamaza. Mtungi mmoja tulikuwa tumeshaumwaga kwenye tangi. Mwanangu akapiga starta mpaka betri ikaanza kuugua. Vumbi la malori likaenda, likawa dogo, likaisha.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mwanangu, yule kijana, na mzee mmoja kiziwi anayekwenda Ijara. Jua lilikuwa limepita kichwa. Hatukukaa hata muda wa kuchemsha chai. Wakatoka kichakani wanaume watano na bunduki.

Wa kwanza alimpiga mwanangu kwa kitako cha bunduki hapa juu ya jicho, kabla ya salamu, kabla ya swali. Damu ikaruka kwenye kioo. Wa pili alinivuta nje kwa mtandio, akaona dhahabu masikioni. Nikamwambia ngoja niivue. Hakungoja. Sikio la kulia alivua vizuri kwa bahati, la kushoto alilivuta likapasuka mpaka chini. Wajukuu wangu hucheza na hilo sikio, wanaingiza kidole katikati. Siku hiyo lilimwaga damu mpaka kiunoni, na mimi nikamng'ata yule mtu mkono. Nilimng'ata mpaka nikasikia mfupa. Alinipiga teke la tumbo na mwenzake akacheka, akamwambia, "Umeoa leo."

Wakashusha sukari, wakashusha nguo. Mdogo wao, hana hata masharubu, akamwambia yule kijana wa ng'ombe avue viatu. Viatu vyenyewe ni vya tairi, vimechakaa. Kijana akamwangalia, akamwita ami kwa lugha yetu: "Adeer, hivi viatu vinanuka. Chukua, lakini usije ukasema mimi ndiye niliyekuua."

Wenzake wakacheka. Walimcheka yule mdogo, ndiyo sababu. Uso wake ukabadilika, akainua bunduki na kumpiga risasi ya tumbo, hapo hapo, karibu hivi, nguo ikashika moto kidogo. Kisha akavua vile viatu mwenyewe, akavivaa.

Walipoondoka, kijana alikuwa bado hai. Nilikaa mchangani nikamweka kichwa mapajani. Nilimziba tumbo kwa mtandio, na vitu vya ndani vilikuwa vinarudi nje kila akihema. Aliomba maji na sisi tunajua mtu wa tumbo hapewi maji, kwa hiyo nikamnyima. Jambo hilo nalifikiria kuliko la sikio. Angekufa tu kwa vyovyote, bora ningempa. Mwanangu alikuwa amesimama na uso wake mwekundu wa damu, anarudia neno moja: petroli, petroli. Kijana akamaliza shahada, akafa kabla ya alasiri. Lori lililokuwa linatoka Masalani ndilo lililotuchukua, landrova ikavutwa nyuma.

Kwetu mtu akifa hivyo, maneno yanaanza kabla hajazikwa. Aliyepiga risasi ni shifta, hana uso, hana jina, humpati. Sasa nani alimweka kijana njiani? Nani alisimamisha gari? Pale makaburini Garissa, udongo haujasawazishwa, kaka mkubwa wa marehemu alikuja na panga. Ni mtu mrefu, mkimya, mfanyabiashara wa mafahali. Hakupiga kelele. Alimwendea mwanangu kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

Niliruka katikati. Panga likashuka, likapita kwenye mkono wangu hapa, likachukua nyama. Nikamshika shingo kwa mikono yote miwili, tukaanguka pamoja juu ya kaburi bichi la mdogo wake. Aibu kubwa. Wanaume walitutenganisha kama mbwa.

"Mama," akaniambia akiwa chini, udongo mdomoni, "utamlinda leo. Kesho utalala."

Na kweli. Nilikaa siku tisa mlangoni na shoka. Mwanangu ndani, hatoki hata msalani, anatumia ndoo. Vijana wao walikuwa wanapita mbele ya nyumba wakikata hewa kwa panga. Vijana wetu wakaenda kuwapiga mawe, mmoja akapasuliwa kichwa. Ukoo kwa ukoo, ingekuwa maiti kumi kabla ya mwezi kuandama. Hapo wazee wa pande mbili wakasema waketi, waipime hiyo damu iko kwa nani.

Waliketi kwenye banda la mabati nyuma ya soko la mifugo. Mtu anayewafikiria wazee hao kuwa ni watu wa hekima na upole, hajaketi karibu nao. Walitukanana siku mbili. Mmoja alirusha bakuli. Upande wao ukasema: dereva aliacha mtungi kwa makusudi, aliuza nafasi ya petroli, ameua. Upande wetu ukasema: dereva alidanganywa na mwenye duka kwa kiapo, damu ni ya mwenye duka. Mwenye duka akaletwa, akasema chujio lake ni zuri, linapunguza petroli vilevile alivyosema, dereva ndiye hajui kuendesha.

Wanawake hawaingii katika kikao hicho. Nilisimama nje ya mabati nikasema kwa sauti, wote wanisikie.

"Nyinyi mnabishana kuhusu gari kama mnabishana kuhusu mwezi. Gari liko kwangu. Chujio liko. Pimeni."

Mzee wao mmoja akasema, "Huyo ndiye aliyemng'ata shifta?"

"Ndiye."

"Basi msimkaribie. Lakini amesema kweli."

Tukamleta fundi. Alikuwa mtu wa Kenya, ndivyo tunavyowaita watu wa bara, Mkristo, hana ukoo kwetu, kwa hiyo pande zote zilimkubali. Fundi akasema ni rahisi. Akafunga tangi, akachukua chupa ya lita moja, akaining'iniza pembeni ya injini na mpira mpaka kwenye kabureta. Lita moja, mzigo uleule wa mawe nyuma, barabara ileile, dereva yuleyule, yaani fundi mwenyewe. Gari likifa, pale lilipofia unachomeka mti. Wazee wawili, mmoja wao na mmoja wetu, walikaa nyuma juu ya mawe kuzuia wizi.

Nililitafuta lile kopo jeusi nyuma ya choo, nikaliosha na kulitia oili mpya. Mwanangu naye wazee walimtoa ndani, wakamsimamisha karibu yao. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama kando ya barabara na panga lake chini ya kwapa. Hakulificha.

Safari ya kwanza, kopo jeusi. Gari likafa mbele ya kichuguu kimoja. Mti ukachomekwa, watu wote tukasogea mpaka hapo. Safari ya pili, jekundu. Gari likapita kichuguu, likaenda hatua themanini zaidi, wazee walizihesabu kwa miguu. Mwenye duka akainua mikono juu.

"Mmeona," akasema. "Mmeona kwa macho yenu. Niliapa na Mungu ameonyesha."

Kaka wa marehemu akalishusha panga kutoka kwapani, akalishika vizuri mkononi. Nikaanza kupima mimi pia: hatua ngapi toka kwake mpaka kwa mwanangu, na hatua ngapi toka kwangu.

"Ngojeni," fundi akasema, anafuta mikono. "Bado. Rudieni la zamani."

"Kwa nini?" mzee mmoja akauliza. "Imeshapimwa."

"Injini ilikuwa baridi mara ya kwanza, mzee. Hata wewe asubuhi huwezi kukimbia."

Safari ya tatu, kopo jeusi tena. Likapita mti wa kwanza, likapita mti wa jekundu, likafa mbele zaidi. Safari ya nne, jekundu: likafa nyuma ya hapo kidogo. Ya tano na ya sita, hivyo hivyo, huku mbele kidogo, huku nyuma kidogo, miti ikawa imesimama pale barabarani kama watu wanaosubiri lori. Huwezi kusema ni upi wa nani. Fundi akachukua kitambaa cheupe, akakiingiza kwenye bomba nyuma ya chujio jekundu, akakitoa. Kilikuwa cha kahawia. Akafanya vile vile kwa kopo jeusi, na kitambaa kingine. Kikatoka safi.

"Petroli ni ileile," akasema. "Lakini hili jekundu linaingiza mchanga. Mwaka mmoja, injini imekwisha."

Mzee wao akamwita mwenye duka, akamletea Msahafu, akamwambia, "Uliapa dukani. Sasa weka mkono hapa, uape tena kwamba robo ya petroli inabaki."

Mwenye duka akaunyoosha mkono. Kabla haujaugusa Msahafu, akaurudisha.

"Mimi niliambiwa na walioniuzia," akasema. "Kila mtu anasema wallahi. Nyinyi hamsemi mkiuza mbuzi?"

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyowatia watu wazimu. Walimrukia kutoka pande zote mbili, wetu na wao pamoja. Walimvunja pua kwa bakora, wakamburuta kwa ndevu, mtu akampiga mbavu kwa jiwe na nikasikia zinavunjika. Mimi nilikuwa na jiwe langu. Nilikuwa nimeliinua. Sitadanganya kwenye karatasi: nilifurahi. Akifa huyu, mwanangu anaishi, hesabu ilikuwa hiyo tu kichwani mwangu, na nilitaka ifungwe upesi.

"Muacheni."

Ni mwanangu. Alikuwa amepanda kwenye bati la landrova, kichwa kimefungwa kitambaa. Tangu mazishi hakuwa amesema neno.

"Shuka," nikamwambia. "Shuka unyamaze."

"Hooyo, kaa." Akamgeukia kaka wa marehemu. "Mimi nilichovya fimbo Bura. Petroli ilikuwa palepale inapokuwaga siku zote. Hakuna kilichobaki. Niliona."

Watu wakamwachia mwenye duka, akaanguka.

"Ulijua?" kaka akauliza.

"Nilijua."

"Bura petroli ingepatikana?"

"Ingepatikana. Ningetafuta, ningeomba, ningelala hapo."

"Ukaendelea."

"Ndugu yako alikuwa anacheka nyuma. Njia nzima ananiuliza ngamia amefikaje. Niliona aibu kusema gari linakunywa kama zamani. Nikasema pengine litafika."

Nilitaka kumuua mwenyewe. Ninaapa, na hiki ni kiapo cha kweli: nilitaka kumpiga na jiwe lililokuwa mkononi, kwa sababu alikuwa ameshatoka shimoni na sasa anarudi ndani kwa miguu yake.

Wazee waliondoka wakarudi kwenye mabati, wakakaa mpaka alasiri. Wakaamua: shifta ndiye aliyeua, lakini aibu ya dereva na kiapo cha mwenye duka vilimfikisha kijana kwenye risasi, kwa hiyo koo zao mbili, ya dereva na ya mwenye duka, zitatoa ngamia wa damu, na hakuna atakayemgusa mwingine. Upande wa marehemu ukakubali. Kaka wa marehemu peke yake alikataa.

"Ngamia nitachukua," akasema. "Lakini sitasoma fatiha ya suluhu na mtu huyu kabla hajaonja kitu. Nataka pigo moja. Moja tu, kwa mkono wangu, kwa bakora. Panga hili hapa, shikeni."

Wazee wakaanza kugombana upya. Hakuna sheria hiyo, mmoja akasema. Ngamia na fimbo havichanganywi. Mwingine akasema mtu akinyimwa pigo leo atachukua roho mwakani. Mwanangu hakungoja wamalize. Alishuka kwenye landrova, akafungua kile kitambaa kichwani watu wasije wakasema anasingizia kidonda, akaenda akasimama mbele ya yule mtu, mikono nyuma.

Wanawake walinitazama. Wote walidhani nitaruka tena katikati. Niliketi chini kwenye vumbi nikaikalia mikono yangu, hivi, yote miwili, chini ya mapaja, na ule wenye kidonda cha panga ukaanza kutoa damu upya. Nilikuwa nimeona macho ya yule kaka. Akipiga, mambo yataisha. Nikimzuia, hayataisha.

Alipiga kwa mikono miwili. Bakora ilimpata mwanangu kwenye taya na sauti yake ilikuwa kama kuni inayopasuliwa. Akaanguka chali. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena, mdomo umekwenda upande. Hakuna aliyemsaidia, kaka alikuwa amenyoosha mkono kuwazuia watu. Mara ya tatu mwanangu akasimama mwenyewe, anayumba, damu inachuruzika kidevuni kwenye lile shati lake jeupe.

"Sasa twende tukasome," kaka akamwambia.

Wakaingia chini ya mabati, mmoja nyuma ya mwingine. Nikawasikia wanaume wote wanaitikia amina, na ya mwanangu ikatoka nzito, haina herufi. Mimi nilibaki nje. Nikapapasa mchangani mpaka nikayapata meno yake mawili, nikayafunga kwenye pindo la mtandio.